Seva imewekwa upya, LUN haionekani: maneno ya mtandao wa hifadhi

*Swali: Shikamoo mtaalamu. Nipo kitengo cha TEHAMA katika chuo kimoja Morogoro. Tuna seva tatu za VMware zinazoendesha mashine pepe kama ishirini, na kabati moja la diski ambalo seva zote tatu zinalitumia. Mwezi uliopita tuliifuta seva ya tatu tukaiwekea upya ESXi, ile programu ya VMware inayoendesha mashine pepe, na tangu hapo ikawa haioni LUN. Fundi aliyekuja nilimsikia akiongea na mwenzake kwenye simu: "Initieta imebadilika, tageti inaikataa, angalia na MTU." Akabonyeza vitu viwili vitatu, LUN ikarudi, akaondoka. Sikuelewa hata neno moja. Naomba unieleze maneno haya. Na mkuu wangu anauliza kwa nini hifadhi imekalia swichi mbili peke yake wakati swichi ya ofisi ina poti kumi na mbili tupu.*

Marahaba mdogo wangu. Umefanya vizuri kuuliza, maana fundi akija mara ya pili huenda ikawa usiku wa kuamkia mitihani.

Maneno haya ukiyasoma moja moja kama kamusi hayashikiki. Mimi huwafundisha vijana kwa kufuata andiko moja. Mhasibu wa chuo anaingiza malipo ya ada ya mwanafunzi, anabonyeza kitufe cha kuhifadhi, na data hiyo ya kilobaiti chache inatoka ndani ya mashine pepe hadi inalala kwenye diski. Kila neno ulilolisikia lina kituo chake njiani. Twende nalo.

Kituo cha kwanza ni ndani ya mashine pepe yenyewe. Windows au Linux iliyomo humo haijui kwamba inaishi kwenye seva ya pamoja. Inaamini ina diski yake, imefungwa kwa skrubu ndani ya boksi lake, na inaizungumzisha kwa lugha inayoitwa SCSI. Wenyewe tunatamka skazi. Ni lugha ya amri fupi fupi: soma bloku hizi, andika bloku hizi. Bloku ni kipande kidogo cha diski chenye namba yake. SCSI ilipitishwa kuwa kiwango rasmi Marekani mwaka 1986, enzi ambazo diski na kompyuta viliunganishwa kwa utepe wa nyaya usiozidi mita chache. Hapakuwa na swichi katikati, hapakuwa na foleni, hapakuwa na mtu wa kukanyaga waya kwenye korido.

Naomba ulishike hilo kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu kila ninachokueleza hapa chini kimetokana nalo. Lugha iliyozoea diski ya jirani, sisi tumeipeleka ng'ambo ya mtandao, na yule anayeizungumza hajui. Ukurasa wa wavuti ukichelewa sekunde arobaini, mtu anasonya kisha anaufungua tena. Diski ikichelewa hivyo ni habari nyingine. Linux kwa kawaida huisubiri amri ya diski sekunde 30 tu. VMware Tools ikiwekwa huongeza subira hiyo hadi sekunde 180. Subira ikiisha, Linux inaamua diski ina kasoro, na mara nyingi inaugeuza mfumo wa faili kuwa wa kusoma tu ili kuilinda data. Ndipo mhasibu anakupigia simu: mfumo unafunguka, risiti za zamani zinaonekana, lakini malipo mapya hayaingii.

Kituo cha pili ni seva ya ESXi. Hii inalipokea lile andiko na lazima iamue litakwenda wapi. Diski ya mashine pepe yenu ni faili kubwa lililowekwa mahali panapoitwa datastoo, na datastoo yenu imejengwa juu ya LUN. Neno hili linawachanganya wengi kwa sababu herufi zake ni kifupi cha maneno yenye maana ya namba, lakini mafundi wanalitumia kwa kitu chenyewe. Chukulia shamba lililopimwa viwanja. Mtu anakwambia "nimejenga kiwanja namba 14", nawe unajua anazungumzia ardhi, si namba. Kabati lenu ndilo shamba: lina diski kadhaa zilizounganishwa kwa RAID, yaani mpango wa kuzifanya zifanye kazi kama moja, kisha aliyelifunga amekata vipande, tuseme kimoja cha terabaiti 4 na kingine cha terabaiti 2. Kila kipande ni LUN, na seva inakiona kama diski moja nzima.

Hapa ndipo SAN, yaani mtandao wa hifadhi, inapoachana na NAS, yaani hifadhi ya faili iliyo mtandaoni. Kwenye SAN, kabati linatoa bloku tupu. Halijui kama ndani yake mna faili la mhasibu au picha za mahafali. Mwenye kujenga mfumo wa faili juu ya kiwanja ni seva. Kwenye NAS, kabati lenyewe ndilo lenye mfumo wa faili, na seva inaomba faili kwa jina. Kwa mashine pepe za VMware, NAS maana yake huwa NFS, itifaki iliyozaliwa Sun Microsystems miaka ya 1980, ambayo leo hupita poti 2049. Zote mbili zinafanya kazi vizuri. Chuo kidogo chenye fundi mmoja wala sioni aibu kukishauri kitumie NFS, kwa kuwa ina maneno machache ya kukosea. Ila ninyi tayari mna SAN ya iSCSI, yaani SCSI inayopita kwenye mtandao wa kawaida, kwa hiyo tuendelee na hiyo.

Sasa tumefika kwenye tatizo lenu.

Katika mazungumzo ya SCSI daima kuna anayeanza na anayejibu. Anayeanza anaitwa initieta, naye ni seva. Anayejibu anaitwa tageti, naye ni kabati. Tageti haimpigii mtu hodi. Inakaa, inangoja kuombwa. Na haimjibu kila anayeomba. Inayo orodha ya majina ya initieta zinazoruhusiwa, na kila LUN ina orodha yake. Jina hilo kwenye iSCSI linaitwa IQN, na kwenye seva yenu linafanana na hili:

iqn.1998-01.com.vmware:seva03-5f2a91c7

Lisome nami taratibu. Herufi iqn ni aina ya jina. Halafu mwaka na mwezi, 1998-01, yaani wakati ambapo mtoa jina alikuwa tayari anamiliki anwani yake ya intaneti. Kisha anwani hiyo kinyumenyume, com.vmware. Baada ya nukta mbili mtoa jina anaweka apendacho, na ESXi huweka jina la seva pamoja na tarakimu za kubahatisha. Hizo za mwisho ndizo zilizowaponza. Mlipoifuta seva ya tatu na kuiweka upya, ilijitungia mkia mwingine. Kwa macho yenu ni seva ileile, kwenye rafu ileile, ina anwani ileile. Kwa tageti ni mgeni asiyemo kwenye orodha. Fundi alifanya moja kati ya mawili: ama aliingia kwenye kabati akaongeza jina jipya, ama aliingia kwenye ESXi akairudishia initieta jina la zamani. Mimi hupendelea la pili, maana orodha ya kabati inabaki safi bila majina ya marehemu. Kwa hiyo kabla ya kufuta seva yoyote, nakili IQN yake kwenye daftari.

Mafundi wengine, wakichoka na orodha, wanaiweka tageti imkubali yeyote. Naomba usikubali jambo hilo lifanyike kwenye kabati lako, na nitakueleza nilichokiona kwa macho yangu. Mahali nilipofanya kazi zamani, kabati lilikuwa wazi hivyo. Mtu wa nakala rudufu akaunganisha seva yake ya Windows ili aipatie LUN yake mpya. Windows ikaziona LUN zote, na ile ya VMware ikaiona kama diski isiyo na kitu, kwa sababu haijui kusoma mfumo wa faili wa VMware. Ikamuuliza kama aitayarishe diski hiyo kwa matumizi. Akabonyeza ndiyo. Windows ikaandika jedwali lake la mgawanyo mwanzoni mwa LUN, juu ya lile la VMware. Hakuna kilicholia saa ile. Mashine pepe ziliendelea kukimbia hadi seva ya kwanza ilipozimwa na kuwashwa jioni, na datastoo ikawa haipo. Tulikaa siku mbili tukilijenga upya jedwali lile kwa mkono. Yule bwana hakuwa mzembe. Alijibu swali ambalo hakupaswa kuulizwa kabisa.

Kisa hicho kinatuleta kwenye neno lenyewe, hifadhi ya pamoja, ambalo naona linaeleweka vibaya kuliko yote. Pamoja si kwamba kila mtu anaandika atakavyo. Ukichukua LUN moja ukaiwekea mfumo wa faili wa kawaida kama ext4 ya Linux au NTFS ya Windows, halafu ukaiunganisha kwenye seva mbili kwa wakati mmoja, utaiharibu, na haitachukua muda. Kila seva inaamini iko peke yake, inaweka kumbukumbu zake kichwani, na inaandika juu ya mwenzake. VMware wanaepuka hilo kwa mfumo wao wa faili uitwao VMFS, ambamo seva hufunga kufuli dogo ndani ya LUN kwa kila faili inalolishika. Seva ya kwanza ikiwa inaendesha mashine ya mhasibu, ya pili inaliona faili lakini haiwezi kuliwasha. Kwa Hyper-V, mshindani wa VMware kutoka Microsoft, kazi hiyo inafanywa na mfumo uitwao CSV. Na kwa kuwa wengi wananiuliza kuhusu kuhamia Proxmox, programu nyingine ya kuendesha mashine pepe, tangu Broadcom ilipoinunua VMware Novemba 2023: huko, juu ya LUN ya pamoja watu huweka LVM, kigawanya diski cha Linux, ambapo kila diski ya mashine pepe inakuwa kipande chake, na klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, inahakikisha seva moja tu ndiyo inayokitumia. Usihamie huko ukiwa na wazo kwamba utaweka ext4 juu ya LUN na seva tatu ziigawane.

Turudi kwa andiko letu. Initieta imeruhusiwa, LUN inajulikana, sasa linatoka kwenye seva. iSCSI inachukua amri ya SCSI na kuifunga ndani ya TCP, ileile inayobeba kurasa za wavuti, hadi poti 3260 ya kabati. Iliwekwa rasmi mwaka 2004 katika RFC 3720. Uzuri wake ni kwamba inatumia swichi na nyaya unazozijua. Nduguye mkubwa ni Faiba Chaneli, na hapa nakuomba usichanganye: si kila waya wa faiba ni Faiba Chaneli. Faiba ni waya wa kioo. Faiba Chaneli ni itifaki yenye swichi zake na kadi zake, ziitwazo HBA. Huko initieta haina IQN bali WWN, jina la tarakimu 16 lililokuja na kadi. Ukiweka programu upya jina halibadiliki, ila ukibadilisha kadi linabadilika. Utasikia pia wakisema zoni: ni uzio unaowekwa kwenye swichi, ukiamua nani anaweza kuonana na nani. Zoni ni geti la mtaa, na ile orodha ya kabati ni mlango wa nyumba. LUN ikipotea kwenye Faiba Chaneli unakagua vyote viwili.

Tofauti kubwa ya tabia kati yao ni hii. Kwenye Faiba Chaneli, anayetuma hatumi fremu mpaka anayepokea ametangaza kwamba ana nafasi. Kwenye Etherneti ya kawaida, swichi ikielemewa inatupa pakiti, na TCP inagundua baadaye na kuituma tena. Kwa barua pepe hilo halina shida. Kwa diski, kila pakiti iliyotupwa ni mashine pepe iliyosimama kungoja.

Na hapo ndipo jibu la mkuu wako lilipo. Mwambie hivi. Swichi ya ofisi ina watu. Mtu akihamisha meza na kuchomeka ncha zote mbili za waya ukutani, mtandao mzima unajaa kelele. Na hata swichi ikiwa na ulinzi wa mizunguko, yaani spaning tri, ile ya zamani ikikokotoa njia upya inaweza kusimamisha poti kwa sekunde 30 hadi 50. Sasa rudi juu uisome tena subira ya Linux. Sekunde 30, kama VMware Tools haijawekwa. Kitu ambacho kwa mtu wa ofisi ni intaneti iliyogoma kidogo, kwa mashine pepe ishirini ni diski zilizokufa kwa mpigo mmoja.

Atakuuliza: si tuna VLAN? VLAN, yaani kuigawa swichi moja kuwa mitandao kadhaa, ni nzuri, inatenganisha mazungumzo ili watu wa ofisi wasiifikie tageti, na kwa kweli ni lazima. Lakini ni kama pazia katikati ya chumba. Bado swichi ni ileile, kumbukumbu yake ya foleni ni ileile, na siku inapozimwa kwa ajili ya kusasishwa, inazimika kwa wote. Chuo kisicho na fedha kabisa kitumie VLAN kwenye swichi bora iliyopo. Ninyi swichi mbili mnazo tayari. Msizirudishe nyuma.

Kwa nini mbili? Kwa sababu ya njia nyingi, ile ambayo mafundi wanaiita maltipathi. Kila seva yenu ina poti mbili za hifadhi, kila moja kwenye swichi yake na sabuneti yake. Kabati lina vidhibiti viwili, na kila kidhibiti kina waya kwenye kila swichi. Hesabu: poti mbili za seva mara vidhibiti viwili, njia nne. Bila programu ya maltipathi seva ingeiona LUN moja kama diski nne tofauti. Programu hiyo inazitambua kuwa ni moja, inazitumia njia zilizo bora, na moja ikikatika inahamia nyingine. Ukichagua utaratibu wa zamu, ESXi hubadili njia kila baada ya amri 1,000 usipoirekebisha. Na kosa moja ninalolikuta mara kwa mara: watu wanaziunganisha zile poti mbili kwa LACP kama wafanyavyo kwenye mtandao wa ofisi, wakitarajia kasi ya mara mbili. Kikao kimoja cha iSCSI ni mkondo mmoja wa TCP, na mkondo mmoja hupita waya mmoja. Iachie maltipathi kazi hiyo.

Hakikisha njia zote nne zipo kweli. Fungua orodha ya njia za LUN kwenye kila seva uzihesabu. Nimekuta sehemu ambapo njia mbili zilikuwa zimekufa kwa miezi, na hakuna aliyejua kwa kuwa mbili zilizobaki zilikuwa zinabeba mzigo. Zikikatika zote, ESXi inaingia hali iitwayo APD, na kwa kawaida inaendelea kujaribu kwa sekunde 140 kabla ya kuanza kuzikataa amri zinazotoka kwenye seva yenyewe.

Limebaki neno la mwisho la fundi, MTU. Ni ukubwa wa mzigo ambao fremu moja ya Etherneti inabeba. Kawaida ni baiti 1,500. Kwenye hifadhi watu wengi huongeza hadi 9,000, fremu kubwa, ili safari zipungue. Sharti ni moja: kila kituo njiani kikubali, yaani seva, swichi pepe ndani ya seva, swichi halisi, na kabati. Kimoja kikibaki 1,500, dalili zake zinakera sana. Initieta inaingia vizuri, LUN inaonekana, hata ukubwa wake unaonyeshwa sawasawa, kwa sababu mazungumzo hayo yote ni mafupi. Unapoanza kunakili faili kubwa, kila kitu kinaganda. Ninaamini ndiyo sababu fundi alilitaja: ESXi iliyowekwa upya inarudi 1,500 kwenye swichi pepe, wakati wenzake wako 9,000.

Kipimo chake ni hiki, ukiandika kwenye seva yenyewe, ukiweka anwani ya kabati lenu mahali pa hii:

vmkping -d -s 8972 10.10.10.50

Herufi d inakataza pakiti isikatwe njiani. Namba 8,972 inatokana na 9,000 ukitoa baiti 20 za kichwa cha IP na 8 za ICMP. Ikijibu, njia nzima inapitisha fremu kubwa. Ikikataa, rudia kwa 1472. Hiyo ikijibu, umeshajua tatizo ni MTU na si waya. Kama kuna kifaa usichoweza kukibadilisha, rudisha vyote 1,500 na ulale salama. Faida ya fremu kubwa ipo lakini si ya kuhatarishia data.

Utasikia pia FCoE, yaani Faiba Chaneli juu ya Etherneti, ambayo sikushauri uanze nayo leo, na NVMe juu ya TCP, ambayo inaiacha lugha ya SCSI kabisa na inakuja kwa kasi kwenye makabati mapya ya diski za flashi. Kwa seva tatu na mashine ishirini, iSCSI juu ya swichi za gigabiti 10 inawatosha. Kama swichi zenu ni za gigabiti 1, kila waya una kikomo cha megabaiti 125 kwa sekunde, na hapo nakala rudufu za usiku ndizo zitakazolalamika kwanza.

Endesha kipimo cha 8972 kutoka seva zote tatu kwenda kwenye kila poti ya kabati. Poti za kabati ni nne, kwa hiyo yatakuwa majibu kumi na mawili. Niandikie ni yapi yamekataa, na kwenye swichi ipi, tuangalie pamoja.